Figo Zikiumia Ghafla, Je, Zitapona?

Leo tunajibu swali ambalo jamaa za wagonjwa huuliza sana: figo zikiumia ghafla, zitarudi kama zamani?

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kazi yake ni kusafisha damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Figo zinaweza kulegea kwa siku chache tu. Sababu kubwa ni kuharisha na kutapika, kama katika kipindupindu, malaria kali, kuvuja damu au kifafa cha mimba wakati wa uzazi, na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela. Chukua mfano wa hamali anayesukuma mkokoteni pale Marikiti wakati wa joto la kaskazi. Ameharisha siku mbili, maji hanywi ya kutosha, kisha anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Damu inayofika kwenye figo inapungua, na mkojo nao unapungua.

Habari njema ni kwamba wengi hupona. Hata aliyesafishwa damu kwa mashine, kama pale Hospitali Kuu ya Pwani, hajahukumiwa maisha. Mtaani watu husema, "Ukianza mashine huachi." Si kweli kwa kila mtu. Figo zilizoumia ghafla zinaweza kuamka na mgonjwa akaachishwa mashine. Usimzuie mgonjwa wako kwa hofu hiyo.

Sasa, nani yuko katika hatari ya kutopona vizuri? Mwaka 2017, watafiti wa Kanada walitaja dalili sita: umri mkubwa, kuwa mwanamke, kriatinini iliyokuwa juu tangu kabla ya ugonjwa, protini katika mkojo, ukali wa ugonjwa wenyewe, na kriatinini iliyobaki juu siku ya kutoka hospitali. Kriatinini ni uchafu wa misuli unaopimwa katika damu. Figo zikishindwa, hupanda. Muda pia hutuambia jambo. Figo zinazorejea ndani ya siku mbili tatu zina matumaini zaidi kuliko zilizolala zaidi ya wiki. Kasoro ikizidi miezi mitatu, huitwa ugonjwa sugu wa figo.

Msikilizaji, usidanganyike na mambo mawili. La kwanza ni mkojo mwingi. Figo zinapoanza kuamka huweza kumwaga maji mengi kabla hazijajua kusafisha sawasawa. La pili ni kipimo kizuri kwa mtu aliyekonda. Misuli ikipungua, kriatinini nayo hushuka, na figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo.

Basi tufanye nini?

1. Siku ya kutoka hospitali, uliza kriatinini yako ni ngapi. Iandikwe, na uitunze karatasi hiyo.

2. Rudi kupimwa tarehe uliyopewa, na usikose mwezi wa tatu: damu, protini katika mkojo, na presha. Nenda hata kama unajisikia mzima, kwa sababu figo huharibika kimyakimya.

3. Epuka diklofenaki na ibuprofeni. Mwambie muuza dawa kwamba figo zako ziliwahi kuumia.

4. Madafu ni matamu, lakini yana potasiamu nyingi. Figo dhaifu haziwezi kuitoa, nayo huweza kusimamisha moyo. Muulize daktari kwanza.

5. Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari kabla ya kufunga.

6. Ukiharisha tena, anza maji ya ORS mapema na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ndugu yangu wa Kibokoni, mama wa Majengo, kama nyumbani kwako kuna aliyetoka hospitali kwa ugonjwa huu, hesabu miezi mitatu tangu alipougua. Andika tarehe ukutani, na siku ikifika, mpeleke.

Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema.