Kucheza kwa vifuniko na udongo ndiko kusoma kwa mtoto wa chekechea

WAZAZI wengi humpima mwalimu wa chekechea kwa daftari. Mtoto akirejea nyumbani jioni na kurasa tatu zilizojaa herufi na nambari, mzazi huridhika kwamba karo yake haikupotea. Akirejea na udongo kwenye kucha na kusema kwamba asubuhi nzima walikuwa wakicheza na vifuniko vya soda, manung'uniko huanza. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka minne au mitano, aghalabu siku ya vifuniko ndiyo aliyojifunza zaidi.

Sababu ni kwamba kuhesabu si jambo moja, bali ni mawili. La kwanza ni kuyajua majina ya nambari kwa mpangilio wake. La pili ni kuelewa idadi. Mtoto anaweza kutaja moja hadi 100 bila kukosea, kama anavyokariri wimbo, lakini akitumwa jikoni alete vijiko vitano, akaleta konzi nzima. Majina anayajua, idadi haijui. Kinachoyaunganisha mambo hayo mawili ni mkono: kugusa kitu kimoja kwa kila neno, bila kuruka kitu wala kukirudia, kisha kutambua kwamba neno la mwisho ndilo linalotaja jumla ya vitu vyote. Hatua hiyo haiwezi kufundishwa ubaoni pekee.

Mtaalamu wa saikolojia kutoka Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alionyesha jinsi fikira za mtoto mdogo zinavyotofautiana na za mtu mzima. Panga vifuniko katika safu mbili zinazolingana, kila moja ikiwa na vifuniko sita. Mtoto atakubali kwamba safu hizo ni sawa. Kisha tawanya vifuniko vya safu moja ili iwe ndefu kuliko nyingine. Watoto wengi wa miaka minne watasema kwamba safu ndefu sasa ina vifuniko vingi zaidi, ingawa hakuna kilichoongezwa. Kumkemea mtoto huyo hakutamsaidia, na kumkaririsha jibu hakutamfikisha mbali. Atalielewa jambo hilo polepole, kadiri anavyopanga, kupangua na kuhesabu upya kwa mikono yake mwenyewe.

Ukweli huu haukuanza kutambuliwa jana. Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha kituo cha watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mnamo 1837, na baadaye akakiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Vifaa vyake vilikuwa mipira ya sufi yenye rangi mbalimbali pamoja na tufe, mchemraba na mcheduara vya mbao. Mnamo 1907, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa watu maskini jijini Roma, Italia. Miongoni mwa vifaa vyake vilivyopata sifa ni herufi za msasa. Mtoto alizipapasa kwa vidole na kulijua umbo la herufi kabla ya kushika kalamu.

Nchini Kenya pia, mafunzo ya aina hii yana mizizi. Kabla ya shule kuwapo, watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakajenga vijumba vya vijiti na kujifunza kuhesabu kwa kete za bao. Katika miaka ya 1980, mradi wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na baadaye ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walimu wake, ambao wengi walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, walifunzwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kutokana na vitu vinavyopatikana karibu nao badala ya kungoja vya kununuliwa dukani.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mnamo 2019 katika madarasa ya chini, uliufuata mwelekeo huo. Ulipoanza, masomo ya watoto wa PP1 na PP2 yalipangwa katika maeneo matano: lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na matumizi ya viungo vya mwili, pamoja na dini. La kuzingatiwa ni kwamba maeneo hayo yalipewa jina la shughuli. Mtoto hakuwekewa somo la hisabati bali shughuli za hisabati. Jina hilo peke yake linamkumbusha mwalimu kwamba mtoto anatarajiwa kutenda, si kuketi na kutazama.

Darasa linalofuata utaratibu huu hugawanywa katika kona. Katika kona ya duka kuna pakiti tupu za unga na majani ya chai, mizani ya vifuniko viwili vya mkebe vilivyofungwa kwenye kijiti, na vipande vya karatasi vinavyotumika kama pesa. Katika kona ya mazingira kuna mbegu za maharagwe zilizofunikwa kwa pamba yenye maji, na kila asubuhi watoto huchungulia kuona kama mzizi umetokeza. Kwingineko kuna sinia ya mchanga wa kuandikia herufi kwa kidole, beseni la maji na vikombe vya kupimia, shanga za kutunga na udongo wa kufinyanga.

Udongo na shanga vina kazi ambayo wazazi wengi hawaioni. Kuandika ni kazi ya misuli midogo ya vidole, na misuli hiyo kwa mtoto wa miaka minne bado haijakomaa. Kufinyanga, kurarua karatasi na kupitisha uzi kwenye tundu la shanga huiimarisha na kuuzoesha mkono kufuata jicho. Anayelazimishwa kujaza kurasa kabla ya wakati huo huishika kalamu kwa ngumi, huchoka upesi na huanza kuichukia kazi ya kuandika.

Hata hivyo, vifaa pekee havifundishi. Mwalimu anayemwaga vifuniko mezani na kurudi kwenye kiti chake hajafundisha lolote. Kazi yake ni kuuliza maswali yanayomfanya mtoto afikiri. Mtoto akitenga vifuniko vyekundu na vyeusi, ataulizwa ni vipi vilivyo vingi na amejuaje. Akimimina maji kutoka kikombe kipana hadi kwenye chupa nyembamba, ataulizwa kama maji yameongezeka au la, na kwa nini. Mtoto akikosea, mwalimu hakimbilii kumsahihisha, bali humwachia arudie na kujionea. Ni katika kujibu maswali hayo ambapo lugha ya mtoto hukua sambamba na hesabu zake.

Vikwazo navyo ni vingi. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na hali ya madarasa hutofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine. Mwalimu mmoja mwenye watoto wengi kupita kiasi hulazimika kurudia njia iliyo rahisi, yaani kuandika ubaoni na kuwaimbisha darasa zima. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba kila wiki wanaagizwa kununua vifaa. Malalamiko yao ni ya haki ikiwa vifaa hivyo ni vya dukani, kwa kuwa magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, mbegu, vijiti na vifuniko vya chupa huifanya kazi ile ile bila gharama.

Shinikizo jingine ni usaili wa kujiunga na darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazizuia shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atakubaliwa. Mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kumweka katika kiwango kinachomfaa. Pamoja na hayo, shule za kibinafsi zinapoendelea kuwachuja watoto kwa mitihani ya kuandika, walimu wa chekechea hulazimika kuwanoa watoto kwa ajili ya karatasi hiyo. Anayeumia ni mtoto. Hufika darasa la kwanza akiwa na majibu ambayo hayaelewi, na pindi hesabu za kutoa na kukopa zinapoanza, hana msingi wa kuzijengea.

Usalama pia hauna budi kuzingatiwa. Maharagwe na shanga ndogo huweza kuingizwa puani, masikioni au kumezwa. Vifuniko vya chuma viwe vimeoshwa na kingo zake kukaguliwa, na beseni la maji lisiachwe bila mtu mzima karibu.

Kwa mzazi, mengi yanawezekana nyumbani bila kutumia senti. Mtoto anaweza kupanga sahani kwa idadi ya watu watakaokula, kuchambua maharagwe mabovu na mazuri, kuunganisha jozi za soksi au kupima vikombe vya maji ya uji. Na jioni, badala ya kudai kuonyeshwa daftari, mzazi amuulize mtoto leo amefanya nini, na alijuaje kwamba amefanya sawa. Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo la pili, hata kwa maneno machache, amesoma.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhimiza watoto wafunzwe mapema, na wengi huichukulia kuwa ni kuharakisha kalamu. Lakini mfinyanzi hauwahi udongo wake kwa maneno. Huuwahi kwa mikono.