Kunyonyesha baada ya upasuaji wa kupunguza matiti

Kunyonyesha baada ya upasuaji wa kupunguza matiti ni kumlisha mtoto maziwa ya mama ambaye sehemu ya matiti yake iliwahi kuondolewa. Upasuaji huo hufanyiwa hasa wanawake ambao uzito wa matiti huwaletea maumivu ya shingo, mabega na mgongo. Wengi wao hutoa maziwa baadaye, ila kiasi hutofautiana.

Sababu za tofauti

Maziwa hutengenezwa na tezi, kisha hupita katika mirija hadi kwenye chuchu. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao huachilia homoni mbili: prolaktini, inayochochea kutengenezwa kwa maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Kwa hiyo jambo kubwa ni kama chuchu iliachwa imeshikamana na tezi, mirija na neva zake. Ikiwa ilikatwa kabisa na kupandikizwa upya, ni vigumu sana mtoto kushiba kwa maziwa ya mama pekee. Mirija na neva zilizokatwa huweza kuungana tena kwa kiasi fulani kadiri miaka inavyopita.

Kumfuatilia mtoto

Matiti kujaa hakuthibitishi kwamba mtoto anashiba, kwa sababu maziwa yanaweza kukosa njia ya kutokea. Dalili za kuaminika ziko kwa mtoto mwenyewe: kuanzia siku ya 5 hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2 hivi. Asipofikia hapo, mhudumu wa afya huelekeza namna ya kumwongezea maziwa. Mama huendelea kunyonyesha, kwani hata maziwa machache humpa mtoto kinga.

Kandokando ya Ziwa Viktoria

Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 jijini Mwanza. Mama wa kisiwani, kama vile Ukerewe, huifikia kwa kuvuka maji. Hivyo inafaa aeleze habari za upasuaji wake mapema, katika kliniki ya wajawazito, na baada ya kujifungua mtoto apimwe uzito mara kwa mara katika zahanati ya karibu. Akihitaji maziwa ya kopo, maji ya ziwani lazima yachemshwe, na kikombe kitumike badala ya chupa, kwa kuwa ni rahisi kukisafisha. Kuhara kwa mtoto mchanga huweza kuua.