Tumbo Likiuma, Kahawa Hushtakiwa Kwanza

Kwenye vijiwe vya Mabatini, jijini Mwanza, kuna kauli moja ambayo mnywaji akishaitoa hakuna anayemuuliza zaidi: "Kahawa inanikataa." Anayesema hivyo huenda anamaanisha moto unaopanda kifuani hadi kooni. Mwenzake aliyekaa naye benchi moja anamaanisha maumivu ya kukwangua penye chembe ya moyo. Wa tatu tumbo linamjaa gesi, na wa nne hamalizi kikombe kabla haja haijambana. Ni mambo manne, kila moja na chanzo chake, lakini yote hupewa jina moja na ushauri mmoja: acha kahawa, au kunywa maziwa, au pita duka la dawa uchukue vidonge. Nadhani inafaa tuyatenganishe taratibu, kwa sababu huku kandokando ya Ziwa Victoria kuyachanganya kunaweza kumgharimu mtu zaidi ya starehe ya jioni.

Tuanze na tindikali, maana ndiyo inayolaumiwa kuliko yote. Ukali wake hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka ukali unapanda. Kahawa nyeusi huwa karibu na 5. Juisi ya machungwa huwa kati ya 3 na 4, soda za kola hushuka hadi karibu 2.5, na tumbo lenyewe likiwa kazini hufika 2 au hata 1.5. Kila namba moja kwenye kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo tindikali iliyomo kikombeni ni ndogo mno mbele ya ile ambayo tumbo hujitengenezea. Kinachotokea ni kwamba kahawa hulichochea tumbo limwage tindikali yake. Huamsha homoni iitwayo gastrini, na gastrini huziambia seli za ukuta wa tumbo zianze kazi. Kahawa iliyoondolewa kafeini nayo hufanya hivyo kwa kiasi fulani, na ndiyo maana si kila anayehamia huko hupata nafuu.

Tindikali hiyo ikikuta chakula, ina shughuli ya kufanya. Mfikirie fundi ujenzi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa vikombe viwili vya kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha akakaa kazini hadi saa saba mchana bila kula. Akisema kahawa inamkwangua, anasema kweli. Ila kahawa ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine ni uji ambao hakuunywa.

Moto wa kifuani una njia nyingine. Mwisho wa umio, pale chakula kinapoingia tumboni, kuna msuli unaojifunga ili vilivyoshuka visirudi. Kwa baadhi ya watu kahawa huulegeza, tindikali ikapanda, na umio hauna utando wa kuihimili kama ulio nao ukuta wa tumbo. Ugali na sato wa kukaanga saa tatu usiku, kahawa mbili za kusindikizia mazungumzo, halafu mtu analala saa nne: hapo msuli umelegezwa, tumbo limejaa, na mwili umelazwa tambarare. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 48,000 ulikuta kwamba waliokunywa zaidi ya vikombe sita vya kahawa kwa siku walipata kiungulia zaidi ya wasiokunywa, na chai na soda zilionyesha hali hiyohiyo. Kubadilisha vikombe viwili kwa maji kulihusiana na kupungua kwa tatizo. Wakati huohuo utafiti wa Japani wa mwaka 2013, uliopima watu 8,013 wenye afya, haukuona uhusiano kati ya kahawa na vidonda vya tumbo wala kuungua kwa umio. Mimi nasoma tafiti hizo mbili hivi: kahawa inaweza kuleta usumbufu bila kuchimba kidonda. Tofauti hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Kuhusu choo, hakuna la kutisha. Watafiti wa Uingereza mwaka 1990 walipima mwendo wa utumbo mpana wa vijana baada ya kunywa kahawa. Kwa wale ambao kahawa huwapeleka chooni, karibu watatu kati ya kumi, utumbo ulianza kujikaza ndani ya dakika nne. Maji ya moto peke yake hayakufanya hivyo. Dakika nne ni muda mfupi mno kwa kahawa yenyewe kufika huko chini, kwa hiyo tumbo hutuma habari kwa njia ya neva au homoni. Kama unaharisha na kujaa gesi kila unapokunywa kahawa ya maziwa, lakini ile nyeusi haikusumbui, mtuhumiwa wa kweli huenda ni maziwa. Watu wazima wengi hupoteza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, ingawa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, zikiwemo za Tanzania, zina wengi wanaobaki nacho hadi uzeeni.

Birika nalo lina yake ya kusema. Kahawa nyingi ya Kagera, ng'ambo ya ziwa, ni robusta, na robusta ina kafeini takribani mara mbili ya arabika inayolimwa Kilimanjaro au Tarime. Anayekunywa robusta vikombe vitatu hawezi kujilinganisha na ndugu yake wa Moshi anayekunywa arabika vitatu. Tena birika la kijiweni hukaa juu ya jiko la mkaa kwa saa nyingi, unga ukiwa ndani, ukiendelea kutoa vilivyomo huku maji yakipungua. Kikombe cha saa tatu usiku kimekolea kuliko cha saa kumi na mbili jioni, hata kama kimetoka birika lilelile. Ukaangaji nao una nafasi yake: buni iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi hutengeneza kemikali ambayo katika majaribio imeonekana kupunguza umwagaji wa tindikali tumboni, kwa hiyo kahawa nyeusi chungu huenda ikawa pole kwa tumbo kuliko ile ya kahawia isiyoiva vizuri. Wahaya, kabla kahawa haijawa kinywaji cha nyumbani, walitafuna buni za robusta zilizochemshwa kwa majani yenye harufu na kukaushwa, na mgeni alikaribishwa kwa chache kiganjani. Kafeini ni ileile iliyomo kwenye birika la Mabatini. Kilichobadilika ni kipimo.

Kuna jambo moja ambalo kijiweni halitajwi kabisa, nami naliona zito kuliko tindikali: joto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilipitia ushahidi wote kuhusu kahawa. Kahawa yenyewe halikuiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani. Lakini lilisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, vina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya umio, viwe kahawa, chai au maji. Habari hiyo inatuhusu kuliko watu wa mabara mengi, kwa sababu ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani ya umio kwa wingi. Watafiti waliokwenda Kilimanjaro na vipimajoto waliwakuta wanywaji 188 wakianza kunywa chai ikiwa kwa wastani kwenye nyuzi zaidi kidogo ya 70. Kahawa inayomiminwa kutoka birika lililo juu ya mkaa haiwezi kuwa chini sana ya hapo. Kikombe cha kijiweni ni kidogo na hupoa upesi. Kukiacha mezani dakika chache huku hadithi ikiendelea hakuharibu ladha wala hakumuudhi muuzaji. Kama kuna ushauri mmoja ambao ningependa kila mzee wa bao auchukue, ni huo.

Sasa turudi kwenye vidonda vya tumbo, kwa sababu hapa ndipo kahawa hubebeshwa lawama isiyo yake. Kwa muda mrefu duniani kote iliaminiwa kwamba vidonda huletwa na mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua bakteria anayeishi ndani ya tumbo, Helicobacter pylori, na mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria huyo mwenyewe ili kuonyesha kwamba analeta ugonjwa. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Leo visababishi vikuu viwili vinajulikana: bakteria huyo, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mtu anayeumwa mgongo kwa kubeba mizigo, akameza diklofenaki kila siku kwa wiki kadhaa, kisha akailaumu kahawa, anaacha kilicho salama zaidi na kuendelea na kinachomchimba.

Hatari yake si ya kufikirika. Mwaka 2011 madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Bugando, pale mlimani, walichapisha taarifa ya wagonjwa 84 waliofanyiwa upasuaji katika miaka mitano kwa sababu vidonda vyao vilikuwa vimetoboka. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Asilimia 69 hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Wengi sana walikuwa wanywaji wa pombe, na wavutaji sigara walikuwa zaidi ya nusu. Ni vijana, na kwa wengi wao tiba ya kwanza ilikuwa kisu.

Ziwa nalo lina ugonjwa wake. Kichocho cha tumbo huambukizwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya anayevua, anayefua au anayeoga. Huleta maumivu ya tumbo na kuharisha, wakati mwingine choo chenye damu. Kikikaa miaka mingi hulijaza ini makovu, mishipa ya damu ya umio ikavimba, na siku moja mtu akatapika damu bila dalili kubwa ya kutangulia. Kipimo chake ni cha choo, na dawa yake, prazikwanteli, inapatikana. Mvuvi au mchuuzi wa dagaa aliyeacha kahawa mwaka mzima bila nafuu alihitaji kipimo hicho.

Basi afanyeje mwenye tumbo linalosumbua? Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na alipe wiki nzima. Wiki ya kwanza ale kabla ya kunywa, hata kiazi au kipande cha chapati. Shida ikibaki, asogeze kikombe cha mwisho kiwe muda wa saa tatu au zaidi kabla ya kulala. Ikibaki tena, apunguze idadi, au aondoe maziwa. Tangawizi ndani ya birika haina ubaya kwa wengi, ila wapo wanaochomwa nayo. Maziwa ya kutuliza hutuliza kwa muda mfupi, kisha hulichochea tumbo litoe tindikali zaidi. Anayetaka kuacha kabisa apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa siku ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo wengi hukimbilia vidonge vya maumivu ambavyo tumbo lao halivihitaji.

Wapo ambao hawapaswi kujaribu lolote nyumbani. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kupungua uzito bila sababu, au maumivu makali ya ghafla yanayolifanya tumbo kuwa gumu: hizo ni safari za hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wanaokwenda kupima bakteria wa tumbo, kuna kosa moja linalojirudia. Watu hutumia omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, kutoka duka la dawa kwa wiki nzima, wakipata nafuu kidogo wanakwenda kupima, na kipimo cha choo kinasema hakuna kitu. Omeprazo humpunguza bakteria kiasi cha kumficha. Inatakiwa isimezwe kwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibaotiki kwa wiki nne. Kipimo cha damu nacho hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani, kwa hiyo anayepewa nafasi ya kuchagua aombe cha choo au cha pumzi. Na akifika mbele ya daktari, pamoja na idadi ya vikombe, ataje kila dawa ya maumivu aliyomeza mwezi huo, na kama huwa anaingia ziwani.