Kamera Iliyousuta Mkono Wangu

Kahawa ilikuwa imezunguka mara mbili na barazani hapakuwa na la maana, hata mpwa wangu akatoa simu yake akatuonyesha Mturuki.

Mtu huyo, wasomaji wangu, wengi mwamjua kwa sura kama hammjui kwa jina. Ni yule mlenga shabaha wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 2024 kule Ufaransa: mtu mzima mwenye mvi, fulana tu mwilini, miwani yake ya kila siku usoni, mkono mmoja mfukoni na wa pili umenyooka na bastola. Wenziwe wengi walivaa lenzi za kulengea na viziba jicho, yeye akasimama kama mtu anayengoja basi. Jina lake Yusuf Dikeç. Yeye na binti aitwaye Şevval İlayda Tarhan walishindwa na Waserbia kwa pointi 16 kwa 14, wakapata medali ya fedha, na hiyo ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza kwa Uturuki katika ulengaji wa Olimpiki. Nilipoambiwa kwamba siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 51 nilijinyoosha mgongo kidogo, maana tu marika.

Mzee mmoja barazani petu, ambaye hapendi chochote kilichozuka baada ya redio, alisema mkono mfukoni ni kiburi. Mpwa wangu akamjibu kwa adabu: "La, babu. Sheria ya mchezo huu ni kushika bastola kwa mkono mmoja tu. Ule wa pili ukiachwa ukaning'inia, huutikisa mwili mzima. Basi hutiwa mfukoni ukapumzika." Mzee akanywa kahawa yake. Ndipo Sharifu, ambaye alifanya kazi bandarini miaka mingi na ana macho ya kuona tanga kabla hujaona bahari, akauliza swali lililotukesha: "Amepiga lini?"

Tukairudia filamu ile mara nne. Mkono umenyooka, umetulia, kisha unashuka. Risasi imekwisha kwenda. Hapana hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni wakati gani.

Na si ajabu. Kirisasi cha bastola ya upepo kina upana wa milimita 4.5, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 150 kwa sekunde. Shabaha iko umbali wa mita 10. Pigeni hesabu: hufika kabla haijatimia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Televisheni tulizozizoea huonyesha picha 25 kila sekunde, basi safari nzima ya kirisasi yaingia ndani ya picha mbili na nafasi ikabaki. Nalo duara la katikati, lile la alama kumi, lina upana wa milimita 11.5, yaani kama kifungo cha shati. Tundika kifungo cha shati mwisho wa ukumbi mrefu, kisha unyooshe mkono usiokuwa na egemeo, na ndani ya mkono huo damu yadunda kwa kila pigo la moyo.

Mpwa wangu, ambaye amesomea mambo ya mitambo, akatafuta filamu nyingine iliyopigwa kwa kamera ya kasi, ile inayochukua picha 1000 kwa sekunde moja. Ukizionyesha picha hizo kwa mwendo wa kawaida, sekunde moja ya kweli yawa sekunde 40 za kutazama. Kirisasi hakisogei ila sentimita 15 kutoka picha hadi picha, pungufu ya shibiri. Baraza lilinyamaza. Kidole kilivutwa polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Kirisasi kikatoka. Mkono ukakaa pale pale, haukwenda kokote, mpaka Sharifu akasema, "Huyu bado hajui kama amepiga."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Mwili wa binadamu wahitaji kiasi cha khumusi ya sekunde kuona jambo na kulijibu. Katika muda huo kirisasi kimekwisha fika kwenye shabaha na muda ukabaki. Kwa hiyo lolote mlengaji alifanyalo kwa kulijibu pigo, amelifanya baada ya mambo kwisha. Yanayomharibia ni yale aliyoyafanya kabla.

Hamu hii ya kukikamata kinachopita si ya jana. Mwaka wa 1878, kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera safu moja na kutega nyuzi njiani ili farasi akikimbia azikate moja baada ya moja, na hivyo akathibitisha kwamba kuna nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani. Mfaransa Marey, mwaka wa 1882, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, aliyowalengea ndege wakiruka, ikichukua picha 12 kwa sekunde; nasema ndiyo bunduki pekee niliyopata kuisikia ambayo ndege waliipenda. Mwaka wa 1887 Ernst Mach na mwenzake Salcher walitangaza picha za risasi ikienda kasi kuliko sauti, na mbele yake wimbi la hewa limejikunja kama maji mbele ya gubeti la jahazi.

Lakini fundi wa mafundi alikuwa Mmarekani, Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT. Yeye hakuiharakisha kamera. Aliliacha jicho la kamera wazi katika chumba chenye giza, akawasha taa mara moja kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Na taa hiyo ilijuaje wakati wa kuwaka? Alitega kipaza sauti, mshindo wa risasi wenyewe ukaiwasha. Picha yake ya mwaka wa 1964 ya risasi ikipenya tofaa imezunguka dunia nzima. Itazameni vizuri mkiipata: tofaa limepasuka pande zote mbili, hata upande ule risasi ilikoingilia nyama inarukia nje. Hapana jicho lililopata kuona hivyo kabla yake.

Walimu wa bastola waliyachukua maarifa haya kwa sababu yao wenyewe. Mwanafunzi hukosa, kisha huapa kwamba mkono wake haukutikisika. Zamani mwalimu alikuwa na hila moja: humtilia mwanafunzi risasi tupu katikati ya zile nzuri bila ya kumwambia. Mwanafunzi akifyatua ile tupu, bastola hailii wala hairuki, lakini mtutu wainama chini wenyewe. Aibu hiyo! Mwili wake ulikwisha kumbuka teke la bastola, ukalitangulia kabla halijaja. Kamera ya kasi yaonyesha jambo hilo hilo kwa risasi za kweli. Mtutu washuka kwanza, kidole chamalizia baadaye. Na kushuka kidogo si kidogo: vijiti viwili vya kulengea vimetengana kiasi cha theluthi ya mita, basi cha mbele kikishuka milimita moja tu, kule kwenye shabaha umekosea kwa sentimita tatu. Wengine huonekana wanavuta kifyatulio kwa upande badala ya kukirudisha nyuma. Wengine hukaza kiganja kizima pale ambapo kidole kimoja kingetosha.

Sisemi kamera ndiyo imfanyayo mtu kuwa bingwa. Károly Takács wa Hungaria alilipukiwa na bomu la mkono mwaka wa 1938, mkono wake wa kulia ukaharibika, naye ndio aliokuwa akilengea. Alijifundisha kwa wa kushoto, kwa siri, na akashinda dhahabu London mwaka wa 1948 na tena Helsinki mwaka wa 1952. Na wako waliotafuta njia ya mkato: mwaka wa 2008 kule Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili kwa kupatikana na propranolol, dawa ya moyo na presha, ambayo hutuliza mapigo na mtetemo wa mkono.

Basi kesho yake mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, simu hii yangu yachukua picha 240 kwa sekunde. Njoo tukupime." Bastola hatuna, wala hatuitaki. Tulikuwa na manati. Alikwenda kutafuta panda la mpera, mipira ya tyubu na kipande cha ngozi, tukasimama uani kwa dada yangu, mkebe wa maziwa juu ya ukuta, hatua kumi. Nikapiga mara kumi na mbili. Nilipata mbili. Kumi zote zilizobaki zilikwenda chini, upande wa kushoto.

"Wallahi mkono wangu haukutikisika," nikasema.

Akaniwekea filamu. Mkono wa kushoto, ulioshika panda, umetulia vizuri; macho yangu, nayaona, yamekaza. Kisha, vidole vya kulia vingali vimeibana ngozi, kifundo cha kushoto chapinda chini na kwenda kando. Ndipo vidole vyaachia. Kila mara, mara zote kumi. Mpwa wangu hakucheka. Alisema tu, "Mjomba, kiapo chako na picha haviafikiani."

Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kwenda mbali. Mwaka wa 1979, tukitoka chuoni, mimi na kaka yangu tulikuwa tukishindana manati nyuma ya nyumba. Jiwe langu lilikwenda chini, upande wa kushoto, likauvunja mtungi wa maji wa jirani yetu, mjane aliyekuwa akiyanunua maji hayo kwa pesa. Baba alituuliza. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba kaka alinisukuma kiwiko. Naye akasema neno moja: "Sikumgusa." Baba aliusadiki ule uliokuwa na kiapo, akaulipa mtungi, na kaka akala bakora sita. Sikuwa nikisema uongo. Niliuhisi mkono ukienda. Miaka yote hii nimekuwa na yakini nalo kama nilivyo na yakini na jina langu. Masheikh wana maneno marefu juu ya aliyeapa kwa dhana akiidhani kuwa ni yakini, nami si mtu wa kufutu, lakini bakora zile hazikuwa za dhana.

Usiku nikampigia simu kaka, yuko Lamu, fundi wa vyombo, siku hizi apiga mbao kidogo na ajukuza zaidi. Filamu alikwisha kuiona. Mpwa wetu alikuwa ameipeleka kwa ukoo mzima.

"Nimeuona mkono wako," akasema.

Nikamtaka radhi. Akanyamaza kwa muda, nikasikia adhana ya isha upande wake. Kisha akasema: "Sikukugusa. Ila nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono nikusukume. Wewe ulinitangulia."

Kumbe nilimwona kwa pembe ya jicho, na mwili ukalijibu pigo kabla halijafika! Nikamwuliza kwa nini hakumweleza Baba.

"Ningalimwambia nini? Kwamba nilitaka kumsukuma, lakini hakunisubiri? Angalinipa bakora sita zile zile." Akacheka, akakohoa, akauliza kama nauli ya basi kutoka Mokowe imepanda tena, kwa kuwa mwezi ujao yuaja Mombasa, na manati ile isitupwe.