Ng'ombe Aliyevunjika Njiani

Niliingia steshenari moja mjini Babati, mkoani Manyara, nikiwa na tangazo la mnada kwenye flashi. Lilikuwa limechapwa kwa Word, limepangika vizuri. Kijana wa kompyuta akaligeuza kuwa ukurasa wa tovuti, na punde tukawa tunasoma habari za “ngâ€™ombe”.

Kosa ni la ritifaa. Ukichapa ng'ombe, Word huikunja ritifaa iliyonyooka, maana ndivyo ilivyofundishwa urembo. Ritifaa iliyokunjwa huhifadhiwa katika mfumo wa UTF-8 kwa baiti tatu. Kivinjari kikidhani maandishi yametumia mfumo wa zamani wa Windows, ambao kila baiti ni herufi moja, kinatoa herufi tatu: â, €, ™. Mwingereza anasumbuka nayo pia, lakini haimharibii mifugo.

Na huku Manyara kuna zaidi. Kiiraqw huandika sauti yake moja ya kooni kwa mkwaju (/). Ndani ya maandishi hauna neno. Ukitaka neno lenye mkwaju liwe jina la faili, Windows inakataa. Ukiuweka kwenye anwani ya tovuti, unahesabiwa kuwa mpaka wa folda.

Herufi zikikaa sawa, unabaki mpangilio wa tangazo lenyewe. Faili la .docx, lililokuja na Word 2007, ni furushi la zip. Nakili moja, badili mwisho wa jina liwe .zip, ulifungue: ndani mna document.xml, na kila aya imefungwa kwa alama ya <w:p>. HTML, lugha ya kurasa za tovuti aliyoibuni Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, inatumia <p>. Kuhamisha aya, basi, si kazi.

Kazi iko kwenye kichwa cha habari. Wengi wetu tunakoleza wino, tunapandisha ukubwa hadi 16, tunakiweka katikati, tunaridhika. Jicho linaona kichwa. Programu inaona aya iliyonenepa. Hata Pandoc, programu ya kugeuza mafaili iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, haina namna ya kujua ulichokusudia: itakupa <p><strong> badala ya <h1>, na asiyeona anayesomewa skrini na kompyuta hataambiwa kwamba hapo pana kichwa. Dawa yake ni kuchagua Heading 1 tangu mwanzo, mbofyo mmoja tu.

Kijana aliongeza <meta charset="utf-8"> juu ya ukurasa, ng'ombe wakarudi. Kichwa cha tangazo kilibaki aya nene mpaka mnada ukapita.