Mkono Unaoachia: Utangulizi wa Upandaji Farasi wa Ngazi ya Juu

Kwa kuwa umejiandikisha katika kozi ya chuo ya upandaji farasi wa ngazi ya juu, nachukulia kwamba mambo ya mwanzo umeshayamudu: unaweza kumpiga farasi brashi na kumsafisha kwato, kumtandika, kumpanda kutoka upande wa kushoto, na kwenda naye shoti bila hofu ya kudondoka. Huenda unatarajia kwamba sasa utafundishwa mambo ya ajabu: farasi anayekanyaga papo hapo bila kusonga mbele, au anayekwenda upande huku miguu yake ikipishana. Utayafikia hayo. Lakini wiki za kwanza utatembea tu, na nataka uelewe sababu yake tangu sasa. Mwanafunzi asiyeijua sababu huchoka mapema. Anayeijua huwa hataki kushuka.

Somo letu linaitwa dresaji. Maana yake ni mafunzo ya hatua kwa hatua yanayomfanya farasi awe mwenye nguvu, mwepesi na msikivu chini ya mpandaji. Dresaji ni mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1912. Huchezwa katika uwanja wa mita 20 kwa 60, wenye herufi pembeni zinazomwonyesha mpandaji mahali pa kuanza na kumaliza kila zoezi, na majaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10. Hata hivyo usidhani ni mchezo wa wachache tu. Anayeruka viunzi na anayepanda milimani, wote wanahitaji farasi anayeweza kugeuka, kupunguza mwendo na kuongeza mwendo bila ugomvi, na hayo ndiyo inayoyafundisha dresaji.

Vyuoni kuna sababu nyingine ya pekee. Nchini Marekani, chama cha mashindano ya upandaji farasi baina ya vyuo, kilichoanzishwa mwaka 1967, kina utaratibu ambao mimi naupenda mno: mwanafunzi hashindani akiwa juu ya farasi wake mwenyewe. Kura hupigwa, naye hupewa farasi wa chuo mwenyeji ambaye hajawahi kumpanda, kisha huingia uwanjani bila kupewa nafasi ya kumzoea. Fikiria maana ya jambo hilo. Mazoea hayawezi kumsaidia, wala fedha za kununua farasi ghali. Kinachobaki ni uwezo wa kuelewana na mnyama mgeni kwa dakika chache. Uwezo huo ndio kiini cha kozi hii, na una msingi katika mwili wa farasi.

Tuanze hapo, basi. Farasi aliyesimama bila mtu mgongoni hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Tena hana mfupa wa mtulinga, ule unaounganisha bega na kifua kwa binadamu. Kifua chake kimening'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano peke yake. Sasa wewe unakuja na kukaa nyuma kidogo tu ya mabega yake, na sehemu kubwa ya uzito wako inaangukia pale pale palipokwisha kulemewa. Farasi asiyefundishwa hujisaidia kwa kukaza mgongo, kuinua kichwa na kukimbilia mbele ili asipoteze mizani. Wengi humwita mkaidi. Mimi nakuomba umwone kama mtu aliyetwishwa mzigo bila kuonyeshwa namna ya kuubeba. Dresaji yote, kuanzia duara la kwanza hadi zoezi gumu kuliko yote, ni jibu la tatizo hili moja: namna gani tutamsaidia ahamishie sehemu ya mzigo kwenye miguu ya nyuma, ambako ndiko iliko injini yake?

Huwezi kuisaidia miguu usiyojua iko wapi, kwa hiyo jambo la pili ni mwendo. Farasi akitembea, kwato hugusa ardhi moja baada ya nyingine, na ukisikiliza utahesabu mapigo manne yaliyo sawa. Katika mchakamchaka, miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, kisha wenzao. Mapigo ni mawili. Katika shoti fupi, ile ya utulivu, mapigo ni matatu, halafu hufuata kipindi kifupi ambacho kwato zote ziko hewani. Akifungua shoti kamili, lile pigo la kati hugawanyika na mapigo huwa manne.

Je, kuhesabu huku kunamsaidia nini mpandaji? Mguu wa nyuma unaweza kuombwa uende mbali zaidi, au uingie zaidi chini ya tumbo, wakati unapoinuka kutoka ardhini. Ukishatua na kubeba uzito, ombi lako limechelewa. Farasi hawezi kulitimiza hata akitaka. Mara nyingi mwanafunzi hulalamika kwamba farasi hamsikii, kumbe amesema naye kwa wakati usiofaa. Ndiyo maana tunatembea sana. Kutembea ni mwendo wa polepole, na ndipo mwili wako hujifunza kuhisi kila mguu kabla mambo hayajaenda kasi.

Kuhisi huko kunategemea mkao. Kwa neno hili namaanisha namna uzito wako unavyotulia juu ya mifupa miwili ya makalio, huku sikio, bega, nyonga na kisigino vikiwa katika mstari mmoja ulionyooka. Mama yeyote aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga anaijua tofauti: mtoto aliyetulia huwa mwepesi, na yule anayejinyonganyonga humchosha upesi ingawa kilo zake ni zilezile. Farasi naye hupata raha au taabu hiyo kutoka kwako. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji ya Vienna, Austria, ambayo jumba lake la mazoezi lilikamilika mwaka 1735 na ambayo sanaa yake UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2015, mwanafunzi mpya huanzia kwenye kamba ya mzunguko. Mwalimu husimama katikati akimwongoza farasi kwa kamba ndefu; mwanafunzi hukaa bila hatamu mkononi na bila vikuku vya kukanyagia, ajifunze kutulia kwanza. Sisi pia tutafanya hivyo. Usilichukulie kama adhabu au kurudishwa darasa la chini. Mkono unaong'ang'ania hatamu ili mwenyewe asianguke hauwezi kusema na kinywa cha farasi kwa upole, na njia ya kuukomboa mkono huo ni kuufanya mkao usiuhitaji.

Kama unatilia shaka nguvu ya mkao, mfikirie Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944 na kumwacha amepooza chini ya magoti, hata akahitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 huko Helsinki, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushiriki dresaji ya Olimpiki pamoja na wanaume, alishinda medali ya fedha, na mwaka 1956 akashinda nyingine. Mambo ambayo wengine waliyasema kwa ndama za miguu, yeye aliyasema kwa mgongo na uzito wake, na farasi wake Jubilee alimwelewa.

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo, nami naomba usome taratibu hapa. Mawasiliano yetu na farasi hufanywa kwa ishara, yaani mbano wa mguu, kuhama kwa uzito, kufumba kidole kwenye hatamu. Karibu kila mwanafunzi huamini kwamba mbano ndio unaofundisha. Kinachofundisha ni kuachia. Unapombana kwa mguu, unamletea usumbufu mdogo naye anatafuta namna ya kuuondoa. Atajaribu hiki na kile. Akijaribu lile ulilotaka, nawe ukaachia papo hapo, amejua. Ukichelewa kidogo tu, utakuwa umelituza jambo lililofuata, labda kusimama au kutupa kichwa, na hilo ndilo atakalolishika. Na usipoachia kabisa, ishara hupoteza maana. Farasi hujifunza kuivumilia kama kelele, kesho itakubidi ubane kwa nguvu zaidi, na keshokutwa utafikiria kuvaa vichokoo vya visigino. Hivyo ndivyo farasi wengi wa shule za upandaji walivyofanywa viziwi.

Hofu ya kwamba ishara ndogo hazitamfikia haina msingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin alikuwako farasi aliyejulikana kama Hans Mwerevu, aliyeonekana kujua hesabu. Mmiliki wake, Wilhelm von Osten, mwalimu mstaafu, alikuwa akimpa swali, naye Hans akigonga kwato mpaka afikie jibu sahihi. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alishindwa pale muulizaji alipokuwa hajui jibu, au alipokuwa haonekani. Farasi yule alikuwa akisoma mwili: muulizaji huinamisha kichwa kidogo anaposubiri, kisha hukiinua bila kujijua jibu linapofika. Wengi hukisimulia kisa hiki kuwa aibu ya Hans. Kwangu mimi ni sifa kuu kwake, na onyo kwetu. Kiumbe anayeweza kuona jambo dogo kiasi hicho anahisi pia kila unapokunja nyonga, kila unapozuia pumzi. Wewe hunyamazi kamwe juu ya mgongo wake, hivyo ni lazima ujifunze kusema yale tu unayoyakusudia.

Wazo hili la upole si la jana. Xenophon wa Athens, aliyeandika kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba jambo ambalo farasi hulifanya kwa kulazimishwa hulifanya bila kulielewa, na haliwezi kuwa zuri. Bado tunalihitaji onyo lake. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilitamka kwamba kuikunja shingo ya farasi kwa nguvu hadi pua ikaribie kifua hakukubaliki. Katika mazizi yetu nawe utakuwa na wajibu kama huo: kabla ya kupanda, hakikisha vidole viwili vinapita chini ya mkanda wa pua, juu ya mfupa. Mkanda uliokazwa mno huficha kinywa kinacholalamika, na mpandaji asiyeyaona malalamiko hawezi kujirekebisha.

Niondoe utata mmoja kabla hatujaendelea. Utasikia walimu wakisema "mguu wa ndani" na "hatamu ya nje". Usidhani kwamba ndani ni kuelekea katikati ya uwanja. Ndani ni upande ambao farasi amepindia mwili wake, popote alipo.

Kwa msingi wa kuachia unaweza sasa kuelewa zoezi la kwanza la ngazi ya juu, nusu-simamo. Kwa muda mfupi kama wa kupepesa macho, unakaza mgongo, miguu inambana kidogo, vidole vinafumba hatamu, kana kwamba unaomba asimame. Halafu, kabla hajasimama, unaachia. Farasi anajikusanya, uzito unarudi nyuma kidogo, na mwendo unaendelea ukiwa na mizani bora. Wanafunzi wengi huifanya sehemu ya kwanza vizuri kisha hubaki wameshika. Hapo hakuna nusu-simamo, kuna kuvuta tu.

Zoezi la pili linaitwa bega-ndani. Farasi anakwenda kando ya ukuta, lakini mabega yake yameletwa kidogo ndani, hata ukimtazama kutoka mbele unaona mistari mitatu ya kwato badala ya miwili. Kwa kuwa mwili umepinda, mguu wa nyuma wa ndani hulazimika kupita chini ya tumbo na kubeba zaidi. Katika karne ya 17, William Cavendish wa Uingereza alilifanyia kazi wazo hili kwenye duara. Mfaransa François Robichon de La Guérinière akalipeleka kwenye mstari ulionyooka, akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1733. Ni jambo la maana kwangu kwamba mtu huyohuyo alisifu pia kuushusha mkono, yaani kulegeza hatamu kwa makusudi wakati farasi amejibeba vizuri, ili kuhakiki kwamba anajibeba kweli na hajaegemea mkono wa mpandaji.

Ukiunganisha nusu-simamo na bega-ndani kwa miezi na miaka, misuli ya farasi hukua na viungo vya miguu ya nyuma hujifunza kukunjika chini ya mzigo. Nyonga hushuka, mabega huinuka, hatua huwa fupi na za juu. Hali hii huitwa kujikusanya. Ikifikia kilele huzaa piafe, mchakamchaka wa papo hapo niliokudokezea mwanzoni. Usiione piafe kama hila ya kufundishwa peke yake. Farasi aliyejengwa vizuri huikaribia mwenyewe, na wewe unapaswa kuwa tayari kuitambua na kuachia.

Kazi yako ya siku ya kwanza ni hii. Tembea na farasi kwa hatamu zilizolegea, macho mbele. Mguu wa nyuma wa kulia unapokwenda mbele, mbavu zake huyumba kushoto, na utahisi upande wako wa kulia ukishuka kidogo. Sema kwa sauti: kulia, kushoto, kulia. Mwenzako aliye chini atazame miguu na kukusahihisha. Ukishaweza kusema bila kukosea, anza kumbana kidogo kwa mguu wa kulia kila upande wako wa kulia unaposhuka, achia mara moja, kisha usikilize kama hatua imerefuka.