Dawa Dirishani na Dawa Dukani: Nani Amlipe Mwenye Duka?

Katika mji wa Sultan Hamud, kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, mgonjwa aliyeandikiwa dawa katika hospitali ya umma huwa na milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni dirisha la dawa hospitalini. Wa pili ni duka la dawa la mtu binafsi, ambalo Wakenya wengi huliita kemisti. Iwapo dawa ipo dirishani, bima humkinga. Iwapo haipo, huenda dukani na fedha zake mkononi, hata kama hajakosa kulipa mchango wa bima mwezi mmoja. Tofauti hii haitokani na ubahili wa mwenye duka, bali na jinsi dola ilivyopanga malipo.

Mwenye duka anadhibitiwa, tena kwa ukali. Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244, iliyoanza kutumika mwaka 1957, ndiyo iliyounda bodi inayosajili wafamasia na kutoa leseni za maduka. Hata hivyo, sheria hiyo si sheria ya malipo. Fedha za bima zina historia yake: Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali iliundwa mwaka 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambapo mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Malipo hupitia kwa kituo cha matibabu kilichofunga mkataba, na dawa huhesabiwa kuwa sehemu ya huduma ya kituo hicho. Makueni yenyewe ilianzisha mpango wake mwaka 2016, MakueniCare, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Nao ulihusu hospitali za umma za kaunti. Kwa ufupi, fedha hufuata jengo, hazifuati cheti cha dawa.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, husajili pia maduka ya dawa. Mwanachama aliyekosa dawa hospitalini hupewa fomu, akaipeleka katika duka lililosajiliwa; duka humpa dawa, kisha huudai Mfuko. Uingereza imefanya hivyo tangu mwaka 1948: maduka ni ya watu binafsi, bei za kuwarejeshea zimo katika orodha ya serikali.

Istilahi hapa si jambo dogo. Wako wanaoyaita malipo hayo 'fidia', neno linalodokeza kwamba kuna aliyedhurika. 'Marejesho' ni neno sahihi zaidi, kwa kuwa mwenye duka ametanguliza mali yake na anarudishiwa thamani yake.

Na kutanguliza huko ndiko kwenye mzizi wa tatizo. Mwenye duka hununua dawa kwa mwuzaji wa jumla, aghalabu kwa fedha taslimu, ilhali bima hulipa baadaye, kwa bei iliyopangwa na bima yenyewe. Bei hiyo ikiwa chini ya ile ya jumla, kila mgonjwa wa bima anakuwa hasara. Mwenye duka hatakataa waziwazi. Atasema dawa imekwisha. Hospitali kubwa zinaweza kupaza sauti: mwezi Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini Tanzania zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, zikipinga kitita kipya cha bei. Duka la chumba kimoja halina sauti hiyo.

Kwa hiyo kuyaingiza maduka ya Sultan Hamud katika bima bila kuweka siku ya mwisho ya kulipa madai kungemhamishia mwenye duka mzigo ambao leo anaubeba mgonjwa. Hospitali ya umma ikicheleweshewa fedha, hudaiwa na wagavi, na milango yake hubaki wazi. Mwenye duka akicheleweshewa miezi mitatu, hana cha kununulia shehena ya mwezi wa nne.